"Huyu ni kipanga, yule anajitahidi": walimu tarajali, jinsia na somo la Hisabati

Mpe mwanachuo wa ualimu dodoso lenye sentensi hii: "Wasichana na wavulana wana uwezo sawa wa kujifunza Hisabati." Mwekee nafasi tano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Atatia tiki kwenye "nakubali kabisa" bila kukuna kichwa. Amesoma mada ya jinsia darasani, anajua jibu linalotakiwa, na mara nyingi analiamini kwa dhati.

Sasa mkute nje, mkiwa mnapiga soga, umuulize swali jingine: kule ulikokwenda BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni), nani alikuwa anakufurahisha kwenye Hesabu, na alikuwa anafauluje? Kama ni mvulana utasikia, "Yule dogo ni kipanga, hata asiposoma anapata." Kama ni msichana: "Ana bidii sana, halafu ana nidhamu, daftari lake safi."

Mtu ni yuleyule, na hakudanganya mara zote mbili. Ndiyo maana mjadala wa dhana potofu za kijinsia kwenye Hisabati huwa unakwama vyuoni. Tunawauliza walimu tarajali wanaamini nini, wanatupa jibu zuri, tunafunga faili. Imani yenyewe imejificha kwenye sababu wanazozitoa mtoto anapofaulu au anapoanguka, na huko hatuchunguzi.

Sababu ya kufaulu

Mwaka 1990 Elizabeth Fennema na wenzake nchini Marekani waliwachukua walimu 38 wa darasa la kwanza, wakawaomba wawataje wavulana na wasichana wanaofanya vizuri zaidi na wanaofanya vibaya zaidi katika Hisabati, kisha waeleze kwa nini. Walimu hao walielekea kuyaeleza matokeo ya wavulana kwa uwezo, na ya wasichana kwa juhudi. Kumbuka ni darasa la kwanza. Watoto wa miaka sita au saba, bado wanajumlisha kwa vidole, na tayari hadithi zao mbili zimeshaandikwa.

Mtu anaweza kusema hakuna ubaya hapo, kusifiwa kwa bidii ni sifa. Tuwachukue basi watoto wawili waliopata 18 kati ya 20 darasa la saba. Wanaingia kidato cha kwanza, wanakutana na aljebra kwa Kiingereza, wote wawili wanapata 9. Mvulana ataambiwa amezembea: uwezo anao, akikaza atarudi. Msichana, ambaye kila mtu anajua hujitahidi, hawezi kuambiwa amezembea. Kinachobaki ni kudhani kwamba hapo ndipo uwezo wake ulipofikia. Kwa hiyo mvulana anagombezwa na kupewa maswali ya ziada, msichana anapewa pole. Miaka mitatu baadaye, wakati wa kuchagua tahasusi, mmoja anasukumwa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na mwingine anashauriwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) "ili asiteseke". Hakuna mahali popote katika safari hiyo ambapo mtu alitamka kwamba wasichana hawawezi Hesabu.

Pole hiyo si kitu kidogo. Aneeta Rattan, Catherine Good na Carol Dweck walichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu walimu wanaoamini kwamba uwezo wa Hisabati mtu huzaliwa nao na haubadiliki. Walimu wa namna hiyo walikuwa wepesi kuona mwanafunzi aliyeanguka mara moja hana uwezo, na wepesi kumliwaza: usijali, si kila mtu ni wa Hesabu, na kumpunguzia kazi. Wanafunzi waliopewa maliwazo hayo waliona mwalimu hatarajii makubwa kutoka kwao, hamu ya somo ikashuka, na wao wenyewe wakatarajia alama za chini. Huruma ya kweli kabisa, na matokeo mabaya. Kwangu hili ndilo jambo gumu kuliko yote kumweleza mwalimu kijana, kwa sababu aliingia kazini akiwa na moyo wa kuwahurumia watoto, na hapa unamwambia huruma yake ina upande.

Kuna utata mwingine hapo. Walimu tarajali waliosoma saikolojia ya elimu watakushika koo: si ninyi mlisema tusifie bidii, tusisifie akili? Ni kweli. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa mapema kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Ila sifa ya bidii inafanya kazi hiyo pale inapogawiwa darasa zima. Ikienda kwa wasichana peke yao, huku wavulana wakiitwa vipanga, watoto wanasikia kile ambacho hakikusemwa. Na huyo kipanga naye hajapona: jina lake ni la kulinda. Atasoma usiku kwa kificho ili asubuhi aonekane hakusoma, na akikutana na swali linaloweza kumuumbua ataliruka. Mvulana asiye kipanga, ambaye kila mtu anadhani Hesabu ingepaswa kumjia yenyewe, huyo huitwa mzembe tu, na mwalimu haangalii ni wapi hasa hakuelewa.

"Mimi sina ubaguzi, nina uzoefu"

Pingamizi linalotolewa kwa nguvu zaidi ni la takwimu, na halistahili kupuuzwa. Katika mtihani wa kidato cha nne Tanzania, Hisabati ya Msingi ndilo somo linaloangusha wengi kuliko yote. Mwaka 2021 na 2022 alifaulu karibu mtahiniwa mmoja kati ya watano, mwaka 2023 karibu mmoja kati ya wanne. Ndani ya ufaulu huo mdogo, wavulana huwa juu ya wasichana. Mwalimu tarajali amekaa kwenye darasa hilo kwa miaka minne. Ameona. Ukimwambia ana dhana potofu anakuona wewe ndiye hujaona.

Lakini alichokiona ni matokeo ya mahali fulani. Ukitoka hapo, picha inabadilika. Katika upimaji wa SACMEQ wa mwaka 2007, ambao watoto wa darasa la sita wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika walifanya mtihani uleule, wavulana walikuwa mbele katika Hisabati Kenya na Tanzania, na wasichana walikuwa mbele Ushelisheli. Wasomaji wenye ndugu Muscat wana mfano wa karibu zaidi: katika mtihani wa kimataifa wa TIMSS wa mwaka 2011, wasichana wa darasa la nane wa Oman waliwapita wavulana wa nchi yao kwa zaidi ya pointi 60. Hilo ni pengo kubwa kuliko lolote ambalo wavulana wetu wanajivunia. Nchini Marekani, Janet Hyde na wenzake walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa mitihani ya wanafunzi zaidi ya milioni saba kutoka majimbo kumi, wakakuta tofauti ya wastani kati ya wavulana na wasichana inakaribia sifuri. Kwa upande mwingine, katika PISA ya mwaka 2022, mtihani mwingine wa kimataifa, wavulana wa nchi za OECD, umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri, waliongoza kwa wastani wa pointi tisa.

Oman haithibitishi kwamba wasichana ndio wenye vichwa vya Hesabu. Kule shule za wasichana na za wavulana zimetengana, walimu ni tofauti, na wavulana wana matatizo yao ambayo wizara yao inayashughulikia. Wala sisemi tutenganishe shule. Ila kama ubongo wa kike ndio ungekuwa sababu, basi ubongo huo usingebadilika mtu akivuka bahari. Kinachobadilika ni shule, nyumbani, na yale ambayo watu wazima wanayategemea kwa mtoto.

Hata pale pengo linapokuwepo, wastani wa kundi hautoshi kumwambia mwalimu lolote la maana kuhusu Neema aliyekaa dawati la tatu. Wavulana wengi hufeli, wasichana wengi hufaulu, na madaftari yapo mezani yakisubiri kusomwa.

Kupima kisichosemwa

Watafiti walichukua muda kujua jinsi ya kuiona imani hii. Kipimo kilichotumika duniani kwa miongo mingi kilitungwa na Fennema na Julia Sherman mwaka 1976, na sehemu yake moja ilipima kama mtu anaiona Hisabati kuwa uwanja wa wanaume. Kilikuwa na dosari ambayo ni rahisi kuiona leo: jibu lilikuwa ama Hisabati ni ya wanaume, ama ni ya wote. Mtu aliyeamini kwamba wasichana ndio wanaoimudu zaidi hakuwa na pa kujieleza. Gilah Leder na Helen Forgasz wa Australia walikitengeneza upya wakaweka mlango wa tatu, na katika mambo kadhaa majibu ya wanafunzi yalipita hapo: wasichana ndio walioonekana kulipenda somo na kulichukulia kwa uzito. Somo kwa yeyote anayeandaa dodoso la tasnifu yake pale chuoni: swali likikosa nafasi ya jibu fulani, usije ukasema jibu hilo halipo.

Njia ya pili hupima kasi. Mtu anakaa mbele ya kompyuta, maneno yanapita, anabonyeza kitufe cha kushoto au cha kulia. Raundi moja kitufe kimoja ni cha majina ya wanaume na maneno ya Hisabati, raundi nyingine cha majina ya wanawake na maneno hayohayo. Akiwa mwepesi zaidi kwenye raundi ya kwanza, inachukuliwa kwamba kichwani mwake mambo hayo mawili yameshikana. Inavutia, ila mtu mmoja akirudia mtihani huo wiki ijayo anaweza kupata alama tofauti kabisa. Kwa kulinganisha makundi makubwa ya walimu inafaa. Kumwita mwanachuo ofisini na kumwambia "wewe ni mbaguzi, kompyuta imesema" ni uonevu.

Njia ninayoiamini zaidi ni rahisi kuliko zote: wape watu kazi ileile ya mtoto, badilisha jina tu. Nchini Chile, Alejandra Mizala na wenzake walitumia maelezo ya wanafunzi wa kubuni kwa walimu tarajali wa shule za msingi, na mwaka 2015 wakaripoti kwamba matarajio yao katika Hisabati yalikuwa ya chini mwanafunzi alipokuwa msichana. Pia, kadiri mwalimu tarajali alivyokuwa na hofu ya Hisabati, ndivyo matarajio yake kwa wanafunzi yalivyokuwa ya chini.

Yasemin Copur-Gencturk na wenzake, mwaka 2020, waliwapa walimu wa Marekani majibu ya Hisabati yenye majina ya kubandika. Kwenye kusahihisha, yaani jibu ni sahihi au si sahihi, majina hayakuleta tofauti. Tofauti ilijitokeza walipoulizwa wanakadiria uwezo wa aliyeandika jibu hilo. Hapo wasichana, na watoto weusi na wa asili ya Amerika ya Kusini, walikadiriwa chini, na wasichana wa makundi hayo ndio walioumia zaidi. Matokeo haya ni muhimu sana kwetu, kwa sababu utetezi wa kwanza wa kila mwalimu ni "mimi nasahihisha kwa haki". Inawezekana kabisa anasahihisha kwa haki. Alama ni 2 kwa wote wawili. Shida ni kile anachokiona nyuma ya hiyo 2.

Hofu ya mwalimu mwenyewe

Utafiti unaotajwa mno katika eneo hili ni wa Sian Beilock na wenzake, wa mwaka 2010. Walimu 17 wa kike wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani walipimwa hofu yao ya Hisabati, na wanafunzi wao 117 wakapimwa mwanzoni na mwishoni mwa mwaka. Mwanzoni hofu ya mwalimu haikuhusiana na alama za watoto. Mwishoni, walimu walipokuwa na hofu zaidi, wasichana wao walielekea zaidi kuamini kwamba Hesabu ni ya wavulana na kusoma vitabu ni kwa wasichana, na walioamini hivyo walikuwa na alama za chini. Kwa wavulana uhusiano huo haukuonekana. Mtoto wa kike anamtazama mwalimu wa kike, na anajifunza kutoka kwake namna ya kuwa mwanamke mbele ya Hesabu.

Walimu 17 ni wachache, na nisingejenga sera ya taifa juu yao peke yao. Michela Carlana, kwa data kubwa zaidi kutoka kaskazini mwa Italia, alionyesha mwaka 2019 kwamba wasichana waliofundishwa Hisabati na walimu wenye dhana kali za kijinsia walirudi nyuma, wakapungukiwa na imani juu ya uwezo wao, na wakachagua shule za sekondari zisizo na mahitaji makubwa. Hayo mawili yanasaidiana. Kuna dai jingine maarufu ambalo ningelishika kwa tahadhari: kwamba kumkumbusha msichana dhana potofu kabla ya mtihani kunamshusha alama papo hapo. Dai hilo lilipata umaarufu kupitia jaribio la Steven Spencer, Claude Steele na Diane Quinn mwaka 1999, lakini lilipojaribiwa upya Uholanzi kwa wanafunzi zaidi ya elfu mbili wa sekondari, matokeo yakichapishwa mwaka 2018, athari haikuonekana. Bado linafundishwa sehemu nyingi kama jambo lisilo na shaka.

Turudi nyumbani. Daraja la mtihani wa kidato cha nne hukokotolewa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa, kwa hiyo mtu anaweza kupata daraja la tatu huku Hisabati ameanguka. Anaingia ualimu. Na mwalimu wa darasa la kwanza na la pili hachagui somo: KKK ni zote tatu, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Tunachukua kijana ambaye somo hili limemuumiza tangu kidato cha kwanza, tunampa watoto themanini, tunamwambia awafundishe kulipenda. Asilimia kubwa ya juhudi zetu za "kubadili mtazamo" zinakwenda kwenye semina za jinsia, wakati sehemu ya tatizo ni kwamba mwanachuo hajawahi kueleweshwa kwa nini sehemu mbili, kama 3/4 na 1/6, haziwezi kujumlishwa juu kwa juu na chini kwa chini. Akielewa hilo, sehemu ya hofu inaondoka yenyewe, na semina inaanza kuwa na mahali pa kushika.

Kazi ya dakika arobaini

Mkufunzi anayetaka kuiona imani hii darasani kwake hahitaji kompyuta. Andika swali hili: 3/4 + 1/6. Chini yake weka jibu la mtoto:

9/12 + 2/12 = 11/24

Nusu ya nakala ziandike jina la Neema, nusu ziandike Baraka. Zigawe zikiwa zimechanganywa, bila kueleza lengo. Kila mwanachuo atoe alama kati ya 4, kisha aandike sentensi moja ya kumwelekeza mtoto na sentensi nyingine ya kumweleza mzazi wake.

Jibu lenyewe ni zuri kwa kazi hii kwa sababu ni nusu sahihi. Huyu mtoto ameipata KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 4 na 6, amebadilisha sehemu zote mbili bila kosa, kisha akajumlisha kiasi na asili pia. Anajua hatua ngumu, ameteleza kwenye hatua nyepesi. Ni kuteleza, au hajui asili inasimamia nini? Karatasi haisemi. Mwalimu analazimika kujaza mwenyewe, na anachojaza kinatoka kichwani mwake.

Kusanya, soma sentensi kwa sauti bila majina ya walioandika, Neema upande huu wa ubao, Baraka upande ule. Kwa yaliyoonekana Marekani, tegemea alama zikaribiane. Tofauti itafute kwenye maneno: nani ameambiwa "umekosea kidogo tu, angalia hatua ya mwisho", na nani ameambiwa "ongeza bidii, usikate tamaa". Usipoiona tofauti, usiilazimishe; darasa moja ni sampuli ndogo. Ikionekana, usimtafute mwenye hatia. Waulize tu swali la kihisabati: ni sentensi ipi kati ya hizi inamsaidia mtoto kujua kwamba 24 imetoka wapi?

Kwenye BTP kuna zoezi la pili. FAWE, shirika la wanawake wanaelimu wa Afrika lenye makao Nairobi, lilitoa mwongozo wake wa ufundishaji unaozingatia jinsia mwaka 2005, na vyuo vingi vimechukua mawazo yake: andalio la somo, ukaaji, lugha ya mwalimu, nani anaulizwa. Ni kazi nzuri, ila ikifika vyuoni huelekea kugeuka orodha ya kutia tiki. Mwanachuo akijua mkufunzi amekuja na karatasi ya kuhesabu, anawaita wasichana kumi na wavulana kumi, mizani inakaa sawa, anapata alama zake.

Kwa hiyo karatasi iwe na safu mbili zaidi. Moja ni ya aina ya swali: la kukumbuka, la kukokotoa, au la "kwa nini". Nyingine ni ya kilichotokea mtoto alipokosea: mwalimu alibaki naye, au alihamia kwa mwingine? Wasichana kumi walioitwa kusoma swali ubaoni, kutaja tarehe na kufuta ubao, na wavulana kumi walioitwa kueleza njia, wote watahesabiwa kumi kwa kumi kwenye karatasi ya zamani.